Kigoma wikiendi hii: picha uione bandani, kwa flashi, kwenye king'amuzi au kwenye simu?

Alhamisi jioni banda la picha lililo nyuma ya duka letu hapa Mwanga hubadilisha ubao. Kijana wa mlangoni anafuta majina ya wiki iliyopita kwa kitambaa kibichi, anaandika mengine kwa chaki, na mbele ya kila jina anaweka neno MPYA. Nimeusoma ubao ule miaka mingi kiasi cha kuijua siri yake. MPYA yenye A moja ni mpya kweli. MPYAA ina miezi kadhaa. MPYAAAA iliyopigiwa mstari chini, hiyo niliiona kabla sijajifungua mtoto wa pili.

Ubao huo ndio unaoanzisha ubishi nyumbani. Mdogo wangu anataka ya Kimarekani, magari yapinduke. Shangazi, anayetutembelea kutoka Ujiji kila Jumamosi, anataka ya Kihindi. Watoto wanataka katuni. Mimi niliyeinamia cherehani wiki nzima nataka Bongo muvi, nisilazimike kusoma maandishi ya chini. Tunagombea jina la picha mpaka chai inapoa, na nimekuja kuona kwamba tunaanzia mwisho.

Mtu wa Dar es Salaam akitaka picha anafungua ratiba ya ukumbi, wa Mlimani City kwa mfano, anachagua jina, anakwenda. Mahali ni palepale, kinachobadilika ni picha. Sisi ukumbi wa namna ile hatuna. Tuna njia nne za kuiona picha, na kila njia inakuja na picha zake, lugha yake na watu wake. Ukishachagua njia, nusu ya majina yamejichuja yenyewe. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia. Jina la picha utajaza mwenyewe.

Vipimo

Kila njia nitaipima kwa mambo matano yaleyale, nisije nikaonekana nalipigia debe banda la jirani.

Kwanza gharama, tena yote: kiingilio, bodaboda, karanga, bando, uniti za luku. Pili upya wa picha pamoja na usafi wa kopi, maana hivi viwili hugombana. Tatu lugha: imetafsiriwa au haikutafsiriwa, na kaitafsiri nani. Nne wenzako, yaani utakaa na nani. Tano vikwazo, kile kinachoweza kuikata picha katikati. Hapa mjini ni umeme, mtandao, mvua na mpira, na mpira ndio mkorofi kuliko wote.

Viwili kati ya hivyo vinahitaji maneno zaidi.

Upya kwanza. Picha ya Kimarekani ikitoka hukaa kwenye kumbi za sinema peke yake kwa muda kabla ya kuuzwa mtandaoni. Zamani, kabla ya korona, ilikuwa siku 75 hadi 90 hivi. Siku hizi kampuni nyingi husubiri karibu siku 45, nyingine hata chini ya hapo. Kwa za Kihindi, kumbi kubwa za kule hudai wiki 8. Ndani ya kipindi hicho kopi safi kwa kawaida haipo mitaani. Kwa hiyo ukiambiwa hapa Kigoma kwamba picha imetoka Marekani Ijumaa iliyopita na leo inaoneshwa, chagua moja: ama si ile, ama kuna mtu aliingia ukumbini na kamera. Kopi ya kamera haijifichi. Sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa, picha imelala upande, na steringi anapokaribia kulipiza kisasi kivuli cha mtu anayekwenda chooni kinapita mbele yake.

Lugha sasa. Hiki ndicho kipimo ambacho watu hukidharau, na mimi nakiweka juu ya upya. Wa rika langu tulikulia kwenye sauti ya Lufufu, mtu mmoja anayesema maneno ya wahusika wote, wanaume, wanawake, watoto na mbwa, na katikati anakueleza kwa nini yule bwana ana hasira. Waliomfuata ni wengi, na hawalingani. Mtafsiri mzuri anajua kunyamaza. Mlango ukifunguka polepole gizani, anauacha ulie wenyewe. Mtafsiri mbaya anakuambia aliye nyuma ya mlango kabla haujafunguka, anapandisha sauti yake mpaka muziki unapotea, na kwenye tukio la msiba anawasalimia washikaji wa mtaani kwao. Mimi nitaangalia picha ya mwaka juzi yenye mtafsiri mzuri kabla ya picha ya jana yenye mtafsiri mbaya, na sioni aibu kusema hivyo.

Bandani

Gharama. Banda langu hutoza 500 kwa mtu mzima, watoto 200, na mchana wa siku za kazi unaweza kuona picha mbili kwa kiingilio kimoja. Kwa wengi wetu ni mwendo wa miguu. Kinachozidi ni cha mdomoni: karanga, ubuyu, mihogo ya kukaanga inayouzwa pembeni ya mlango kwa makusudi kabisa. Mtu mmoja akitoka na 1,000 anarudi ametosheka. Kwa mtu asiye na televisheni hakuna njia inayolikaribia banda kwa bei.

Upya na usafi. Banda ndilo la kwanza kupata, na ndilo la kwanza kupata kopi ya kamera. Halafu projekta yenyewe, ikiwa taa yake imechoka, inageuza kila picha kuwa ya usiku. Mchana mwanga unapenya kwenye matundu ya bati, na nyota zaidi ya zile za mwongozaji zinaonekana kwenye skrini. Ukitaka uzuri wa picha, ingia kikao cha baada ya magharibi. Ukitaka nafasi ya kukaa, ingia mchana. Vyote viwili kwa pamoja sijawahi kuvipata.

Lugha. Karibu kila ya kigeni imetafsiriwa. Tatizo ni kwamba mtafsiri humchagui. Muulize kijana wa mlangoni kabla hujalipa, "Hii kaitafsiri nani?" Akikutajia jina bila kufikiri, ingia. Akisema "imetafsiriwa tu", bado hujapoteza kitu, geuka.

Wenzako. Hapa ndipo banda linapozishinda njia nyingine zote, na ndipo linaposhindwa vibaya. Picha ya kuchekesha ukiiangalia peke yako ni nusu ya picha. Bandani kuna watu hamsini wanaomwonya steringi kwamba adui yuko darini, kuna mzee mmoja anayekata shauri mapema kwamba "huyu mwanamke ndiye aliyemuuza", na akipatia anapigiwa makofi kuliko mwigizaji. Picha za mapigano na za Kihindi za Kusini, ambako mtu mmoja hupiga arobaini na shati halichomoki, zimetengenezwa kwa ajili ya umati. Kuziangalia peke yako chumbani unajionea huruma.

Lakini umati huo ni wa wanaume, tena vijana. Mwanamke peke yake kikao cha saa tatu usiku atakuwa yeye na wanaume arobaini, na giza. Sijakatazwa na mtu, nimechagua tu: naingia alasiri, naingia na mwenzangu, nakaa benchi la karibu na mlango. Kuhusu watoto niseme wazi. Bodi ya Filamu inafanya kazi ya kukagua na kupanga filamu kwa umri kwa sheria ya mwaka 1976, ila kwenye ubao wa chaki umri hauandikwi. Katuni ya saa nane ikiisha, inayofuata yaweza kuwa ya watu kuchinjana, na hakuna atakayesimama kuwatoa watoto nje. Mtoto asiende bandani bila mtu mzima wake mwenyewe. "Nimemwachia kaka yake" haitoshi kama kaka yake ana miaka kumi na miwili.

Vikwazo. Mpira. Banda letu ni la picha siku za kawaida, na Jumamosi ni la Ligi Kuu ya Uingereza. Siku ya Simba na Yanga usiulize. Mwaka jana nilikaa kwenye picha moja ya Kihindi saa mbili na zaidi. Mama kampata mwanawe aliyepotea sokoni, wanatazamana, machozi yameanza, na projekta ikaruka kwenye uwanja wa majani mabichi, kwa kuwa wachezaji walikuwa wanaingia. Tulioudhika tulikuwa sita. Waliofurahi walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Kiingilio hakikurudi, na tuliambiwa picha itamaliziwa Jumatatu. Sasa kabla ya ubao wa banda nasoma kwanza ratiba ya mechi. Tangu Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, ipande Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2023 mambo yamekuwa na sura mbili: ikicheza nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika unawameza wanaume wa mtaa na banda la alasiri linabaki tulivu kama darasa siku ya likizo. Huo ndio wakati wangu.

Kwa wanaokaa mwambao, Kibirizi au Katonga, kuna kalenda nyingine tena, ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazina nguvu ya kuwakusanya, na wavuvi wengi hupumzika nchi kavu. Wikiendi ya mbalamwezi mabanda ya huko hujaa mapema, yana kelele tamu, na watu wenye hamu ya kukaa mpaka picha ya tatu. Wikiendi ya giza utapata nafasi ya kunyoosha miguu. Kabla ya kuchagua, tazama juu.

Inamfaa nani: vijana wenye pesa ya siku moja, anayetaka kicheko cha watu wengi, asiyejali kichwa cha mtu kikizuia kona ya skrini. Haimfai anayetaka kusikia kila neno.

Laibrari na flashi

Vijana wetu wanaita laibrari, ingawa hakuna kitabu: kompyuta moja, sabufa inayolia mpaka barabarani, na ukuta umebandikwa makava. Unakwenda na flashi, unataja unachotaka, unawekewa.

Gharama. Kwetu muvi moja ni kama 500, sizoni 1,000 hadi 2,000 kufuatana na urefu. Mkiwa watano nyumbani, ile 500 inagawanyika kuwa 100 kwa kichwa, hapo banda limeshindwa. Watu huogopa luku bila sababu. Televisheni ya kisasa ya inchi 32 hula wati 50 hivi, kwa hiyo uniti moja inaitosha karibu saa ishirini. Mwizi wa uniti ni pasi na jiko la umeme, msiisingizie picha.

Upya na usafi. Kopi zinatoka kule kule zinakotoka za bandani, ila hapa una haki ya kuonja. Mwambie mwenye laibrari akuchezee dakika mbili. Asianzie mwanzo, maana hapo kila kopi ina nembo na muziki mkubwa. Aende katikati, mahali watu wanaongea. Ndani ya dakika hizo mbili utaijua picha, utaijua sauti, na utamjua mtafsiri. Anayekataa kukuonjesha ameshakujibu.

Kuna tabu za vifaa nilizozilipia kwa nauli ya bodaboda, nikusaidie usizilipe. Televisheni nyingi za zamani hazisomi kila aina ya faili, kwa hiyo omba MP4. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kijana akikuambia "imegoma", si lazima flashi iwe mbovu, omba tu kopi ndogo zaidi. Na flashi yenye picha za harusi ya dada yako usiipeleke laibrari kabisa, kompyuta zile zimebeba virusi kuliko daladala lilivyobeba abiria.

Lugha. Unachagua mtafsiri kwa jina, kama unavyochagua fundi. Hii peke yake inatosha kuwaleta wazee. Siku moja niliweka ya Kimarekani yenye maandishi ya Kiingereza chini. Shangazi alivumilia robo saa, akashusha miwani. "Mwanangu, hawa wanazungumza wenyewe kwa wenyewe. Mimi mmenikaribisha wa nini?" Nikamwambia, "Nisamehe shangazi, nilidhani imetafsiriwa." Tangu siku hiyo naonja kwanza.

Wenzako. Unawachagua. Unaweza kusimamisha picha swala ikifika, kuruka lisilowafaa watoto, kurudisha nyuma kwa ajili ya bibi aliyesinzia. Unachokosa ni umati. Watu watano kwenye kochi, mmoja wao akiwa kwenye simu, hawajawahi kumpigia steringi makofi.

Vikwazo. Umeme ukikatika, picha inakusubiri mpaka urudi, wakati bandani ingekuwa hadithi ya Jumatatu. Waliokuwepo enzi za mji huu kutegemea majenereta wanajua thamani ya kitu kinachosubiri.

Sasa jambo ambalo si la kipimo, nalo lazima lisemwe. Ukinunua Bongo muvi kwa flashi, aliyeitengeneza hapati hata senti. Nchi ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, na mwaka 2013 TRA ilianza kubandika stempu kwenye makava ya CD na DVD ili halali ijulikane na isiyo halali. Flashi haina pa kubandika stempu. Banda nalo halina usafi wowote wa kujivunia hapo. Za kigeni kila mtu ana mashauri na dhamira yake, ila kwa za nyumbani mimi nimejiwekea utaratibu, nitausema hapo chini.

Inamfaa nani: familia yenye watu wa umri tofauti, wazee, na wachaguzi wa mtafsiri.

King'amuzi

Hapa nitapita haraka, maana king'amuzi hakichaguliwi wikiendi, kilishachaguliwa siku uliyokinunua.

Gharama ni kifurushi cha mwezi. Kama umeshalipa, picha ya Jumamosi ni bure. Kama hujalipa, ni picha ya bei kuliko zote katika makala haya. Kwa upya, picha kubwa za kigeni hufika zimeshazungumzwa mpaka zimechoka. Lakini za nyumbani geuza kipimo: tamthilia na filamu za Kitanzania mara nyingi huanzia huku, kwenye Sinema Zetu ya Azam au Maisha Magic Bongo ya DStv, halafu laibrari ndiyo inayofuata nyuma. Kopi ni safi daima.

Lugha ina utamu wake wa peke yake. Kwenye king'amuzi tamthilia za Kituruki au Kichina hazitafsiriwi na mtu mmoja. Kila mhusika ana sauti yake, mama ana sauti ya mama. Wengi tuliionja mara ya kwanza mwaka 2011, TBC walipoonesha tamthilia ya Kichina inayoongea Kiswahili, na mitaa ikawa inaigiza maneno ya mama mkwe. Kuna wanaoona sauti hizi zimenyooka mno, hazina chumvi ya mtafsiri wa bandani. Ni kweli hazina. Mama mgonjwa hitaji lake ni kuelewa, chumvi baadaye.

Wenzako ni nyumba nzima na remoti moja, nadhani sihitaji kueleza zaidi. Kikwazo ni mvua. Zile za Novemba zikishuka kutoka milimani, dishi linapoteza mawimbi na unabaki na maandishi ya kosa kwenye skrini ya bluu mpaka wingu lipite. Na ratiba ni yao: ukichelewa dakika ishirini, umechelewa.

Inamfaa nani: mpenzi wa Bongo muvi na tamthilia, mwenye kifurushi hai, asiyetoka nyumbani usiku.

Simu

Gharama ni bando, na hesabu yake inajulikana. Netflix wenyewe hutaja karibu GB 0.3 kwa saa kwa mpangilio wa chini, GB 0.7 wa kati, na hadi GB 3 kwa ule wa juu wa HD. Picha ya saa mbili basi inakula kati ya GB 0.6 na GB 6. Tofauti hiyo ni ya mtu aliyekula wali maharage na mtu aliyelipia harusi. Kwenye skrini ya simu mpangilio wa chini unatosha kabisa, kaushushe kabla hujabonyeza. Bora zaidi, pakua usiku kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo, uangalie kesho bila kuogopa.

Upya: hii ndiyo njia halali ya haraka kuliko zote kwa picha za kigeni zilizomaliza siku zao ukumbini, na kopi yake haina kivuli cha mtu yeyote. YouTube nayo ina filamu na vichekesho vingi vya Kitanzania vilivyowekwa na wenyewe, ambapo kuangalia kwako kunawaingizia kitu.

Lugha ndiyo inayoiangusha. Netflix iliweka Kiswahili kwenye menyu zake, lakini menyu haina steringi. Picha nyingi utazikuta kwa Kiingereza au kwa maandishi. Kwa mdogo wangu ni sawa, anasema anajifunza. Shangazi usimpe.

Wenzako: wewe, na mwingine mmoja mkigawana spika za masikioni. Kikwazo ni mtandao wa saa mbili usiku, wakati mji mzima umeingia mtandaoni, kile kiduara kinazunguka na adui amenyanyua panga bila kulishusha.

Inamfaa nani: mwanafunzi, mlinzi wa zamu ya usiku, msafiri kwenye meli au treni aliyepakua mapema, na anayejua Kiingereza.

Kuhusu kwenda ukumbini hasa

Kuna atakayesema, si mwende Dar? Reli ya kati kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Sijaiona picha ya kunisafirisha hivyo. Lakini kama una safari yako ya mzigo au hospitali, ukabakiwa na jioni moja, ingia ukumbini mara moja. Tiketi moja ingekulipia banda wiki nyingi, picha haitatafsiriwa, hakuna atakayemwonya steringi, watu wanakaa kimya kama wako kwenye mtihani. Ila ukubwa ule wa picha na sauti inayotetemesha kiti hakuna flashi inayouleta. Chagua picha yenye bahari, vita au nyota za angani. Ya mapenzi utaimalizia Mwanga.

Kwa hali yako

Kama wikiendi hii una watoto wadogo, ni flashi mchana, katuni mbili, na uonje zote laibrari, kwa sababu kuna katuni za watu wazima zenye kava la kuvutia watoto.

Kama mko vijana watatu na 2,000 kwa jumla, bandani Ijumaa usiku. Jumamosi msiguse kabla ya kujua ratiba ya mechi.

Kama wewe ni mwanamke, unataka banda na mwenzako hayupo: alasiri ya siku Mashujaa wanacheza nyumbani, au Jumapili mchana. Muulize mama muuza mihogo nani yuko ndani. Anajua kuliko kijana wa mlangoni.

Kama una mzee asiyesoma maandishi, flashi yenye mtafsiri anayempenda, au king'amuzi kama kuna tamthilia anayoifuatilia. Usimchanganyie katikati ya sehemu ya arobaini na mbili.

Kama unachotaka ni ile picha inayosemwa na kila mtu, na imetoka wiki hii, subiri. Kama huwezi kusubiri, nenda bandani ukijua unanunua kelele za watu pamoja na kivuli cha mtu wa chooni, na usinung'unike ukitoka.

Kama ni Bongo muvi, huu ndio utaratibu wangu: naiangalia kwanza kwenye king'amuzi au kwenye ukurasa wa wenyewe YouTube. Ikikosekana kote, nasubiri. Laibrari nakwenda kwa mengine.

Kama kuna wingu zito upande wa milima na luku inasoma uniti mbili, simu yenye picha uliyoipakua jana.

Na kama ni nyumba yangu: mdogo wangu anakwenda bandani Ijumaa na wenzake, watoto wana flashi Jumamosi saa nane, shangazi ana ya Kihindi kuanzia saa kumi, yenye urefu wa saa tatu kamili, nimeshaionja na mtafsiri ananyamaza panapostahili. Nikabaki mimi na Bongo muvi yangu saa mbili usiku. Jana shangazi kapiga simu kuuliza kama ile ya Kihindi ina sehemu ya pili.